Mnunuzi wa Civic Nyekundu

Mnunuzi alikuwa na sharti moja la ajabu: funguo ziachwe juu ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto, na muuzaji awe ameondoka kabla yeye hajafika. Ndiyo maana Elvis alikuwa amesimama kwenye kituo cha petroli pale Rongo, akiliaga gari lake kama mzazi aliyepeleka mtoto shule ya bweni.

"Huyu mtu ni mwizi ama?" alimuuliza Ahmednur, muuza spea wa Migori aliyekuwa dalali wao.

"Mwizi gani analipa yote mapema?" Ahmednur akajibu. "Huyu ni mtu ako na heshima yake. Wacha funguo twende."

Lilikuwa Honda Civic nyekundu ya milango mitatu, na Elvis alikuwa amelijenga upya kwa miaka minne. Alilishusha karibu liguse ardhi, hadi likawa linavuka matuta kiubavu. Akalibadilishia springi, rimu na bomba la moshi, mpaka majirani wa Migori wakawa wanajua anakuja nyumbani hata kabla hajatoka Awendo. Waliombeza kwamba gari linalovutwa na magurudumu ya mbele haliwezi kuwa la mbio, aliwaalika wapande. Wengi walishuka kimya.

Kisha akaanza kuwinda uzito wa kupunguza. Aling'oa viti vya nyuma, na Mellen, binti yake wa miaka sita, akawa anakalia mto sakafuni. Damaris, mkewe, alilalamika lakini akavumilia, hadi Jumapili moja alipoambiwa aache mkoba nyumbani. Ndani mlikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na chupa ya uji wa Mellen. Elvis alisema ni kilo mbili na nusu. Alikuwa ameupima.

Jioni hiyo Damaris na Mellen walilala Homa Bay, kwao Damaris.

Elvis alipiga simu akamkumbusha mkewe kwamba ukipenda boga, penda na ua lake. Damaris akasema boga bado analipenda, ila ua linakunywa petroli kupita kiasi. Baada ya hapo hakushika simu tena. Elvis akakaa na nyumba tupu na gari jepesi kuliko yote Migori, na hakuwa na wa kumpakia. Alimkumbuka mtoto wake. Alimkumbuka mkewe zaidi, ingawa hilo hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu akaenda kuomba msamaha. Mama mkwe wake, Mama Filister, alikuwa mfanyabiashara wa samaki ambaye sauti yake ilijulikana soko zima, lakini siku hiyo hakutokea sebuleni. Kwa mila zao, mkwe na mama mkwe hawatazamani hivi hivi. Hata wakikutana njiani, mkwe hupisha na kugeuza uso. Mama Filister alikaa chumba cha pili, na maneno yakawa yanapitia kwa Joash, kaka yake Damaris.

Elvis alijieleza, akaletewa kuku. Alipokuwa anakula, mtoto wa jirani akatumwa kuomba funguo ili gari lisogezwe kivulini. Lilichukua karibu nusu saa kufika kivulini. Elvis alilisikia likinguruma mpaka mbali, upande wa barabara ya Mbita, akaona si adabu mgeni kuuliza maswali huku mdomo umejaa. Joash naye alikuwa ametulia anamega ugali. Chumba cha pili kilikuwa kimya muda huo wote.

Hatimaye uamuzi ukatoka.

"Mama amesema hiyo gari si ya mtu ako na familia," Joash akasema. "Uza, shemeji, halafu Damaris arudi. Hakuna kitu ingine anataka."

Hata juma halikuisha, Ahmednur akapiga simu: mnunuzi amepatikana. Hakutaka jina lake litajwe wala kuonana na mtu, lakini maswali yake yalikuwa ya mjuzi. Je, likibeba mzigo nyuma, litapanda mlima bila kulia? Barafu ya kwenye kreti ikimwagika, sakafu itashika kutu? Elvis alidhani barafu ni ya soda za wapenda mbio. Akajitolea kurudisha viti vya nyuma bure. Jibu likaja upesi: viti visirudishwe, bomba la moshi lisiguswe, na mtu asithubutu kuliinua.

Elvis alifarijika sana. Kama ni lazima gari liende, basi liende kwa anayelielewa. Alimwona kichwani mwake: kijana wa Kisumu, mwenye glavu na miwani.

Basi akaweka funguo juu ya gurudumu, akaagana na Ahmednur, akaenda Homa Bay. Alimkuta Damaris ameshafunga mizigo. Mama mkwe hakuwepo, jambo lililomwondolea Elvis kazi ya kujificha, wakanywa chai kwa raha na kutoka barabarani kungoja usafiri. Mellen alimshika baba yake kidole. Damaris akamtania kwamba leo amebeba mtoto, mzigo na mke bila kupima hata kimoja, na Elvis akacheka mpaka macho yakalowa. Alikuwa na furaha, hakuwa na haja ya kuificha.

Ndipo akasikia ngurumo aliyoijua vizuri kutoka upande wa Mbita.

"Ni yeye, yule mnunuzi," Elvis alisema. "Baba Mellen," Damaris akamwambia polepole, "rudi nyuma kidogo." Lakini Elvis alishasogea hadi ukingoni mwa lami, mkono juu, amsalimie yule kijana japo mara moja.

Gari likakata kona bila kupunguza mwendo, limejaa kreti za samaki, na juu ya usukani kikatokeza kilemba cha kitenge. Elvis akaruka mtaro, akaingiza uso kwenye kichaka cha michongoma, akasubiri mama mkwe wake apite.