Usaili wa Ukutubi

"Kwani siku hizi, mama, nani bado anaingia maktaba?" kijana aliuliza, huku akizungukazunguka kwenye kile kiti chenye mto.

Kiti kizuri chumbani kilikuwa hicho kimoja tu. Mwanamke alikalia kile cha mbao, chenye mguu mmoja mfupi, ikambidi aegemee upande wa kulia muda wote ili kisiyumbe. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile la siku za heshima, amelipiga pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama. Viatu navyo vilikuwa vya heshima, na vilimbana vidole kwelikweli.

"Wanaingia, mwanangu," alisema. "Mvua ikinyesha ndiyo wanajaa."

Kijana akacheka. Na yeye akacheka, ingawa hakuwa anatania.

Usaili ulipangwa uwe asubuhi. Kijana akaja jua limeshapanda, simu mkononi, hata pole hakusema. Mwanamke hakununa. Mwenye shida hanuni. Alikuwa amekaa pale tangu mhudumu akipiga deki kwenye korido, chai ya chupa ikamwishia, na chooni alikwenda mbiombio, akihofia kijana asije akafika na kukuta hayupo.

Na wala hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka juzi lilikwama mwisho mwisho, wakati alishaanza kuwaambia watu. Mwaka jana hata mtu wa kuzungumza naye hakupata. Mwaka huu wakubwa wa chuo walimwambia wazi: hii ni mara ya mwisho, isipowezekana sasa, habari za shahada ya pili ya ukutubi azifute kichwani.

Mumewe, alipomwona asubuhi akihangaika na vifungo vya gauni, alitikisa kichwa.

"Mvumilivu hula mbivu," alisema, "lakini wako wewe, mke wangu, mti wenyewe umekauka."

"Kuna tawi moja bado bichi," alimjibu. "Nifungie hicho cha nyuma, usinicheleweshe."

Sasa kijana aliweka simu mezani, kifudifudi.

"Haya, niambie ukweli. Katika kazi zote za dunia hii, kwa nini ukutubi?"

Swali hilo alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo, mbele ya mumewe, hata mbele ya paka. Majibu yote mazuri yakamkimbia, likabaki lile la kweli.

"Siku moja alikuja mzee maktaba. Jina la kitabu halijui, la mwandishi halijui. Anajua tu ni chekundu, na marehemu mkewe alikuwa akikiazima kila mara. Nikamwuliza, mama alipenda nini? Akasema, nyuki. Tukaenda rafu ya ufugaji, hakuna. Sasa, kitabu kikirudishwa pasipo pake, mwanangu, hicho kimezikwa, hata kama kimesimama mbele ya macho yako. Nikajiuliza, mtu mwenye haraka angekichomeka wapi? Nikaenda kwenye vitabu vya upishi, kwa sababu ya asali. Nikakikuta. Cha kijani."

"Cha kijani? Si alisema chekundu?"

"Ndivyo alivyosema. Lakini alipokiona tu, alikijua. Akakaa nacho mpaka tunafunga milango. Wala hakukisoma. Alikishika tu mapajani."

Kijana aliacha kuzunguka. Akamtazama mwanamke kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mwanamke akajizuia asije akatabasamu mapema.

Simu ikalia.

"Shikamoo, shangazi... Niko kwenye usaili, bado kidogo... Ndiyo... Ndiyo, nimekusikia, shangazi."

Alipoikata, uso ulikuwa umebadilika. Akajikuna shingo.

"Na ukimaliza kusoma, kazi zipo?"

"Zipo. Si nyingi, siwezi kusema uongo."

"Na mshahara wake unaujua?"

"Naujua sana. Unamtosha mtu asiyependa viatu."

Kijana akatupa jicho chini ya meza, akaviona vile viatu, akatabasamu kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomtia mwanamke baridi. Alitaka kusimulia na habari ya wale watoto waliokuwa wakificha kitabu chao nyuma ya kamusi ili wenzao wasikiazime, lakini akaona imeshachelewa.

"Tafadhali," alisema. "Usinijibu sasa hivi. Fikiria hata mpaka kesho."

"Nisikuzungushe bure, mama." Kijana aliinuka taratibu. "Haitawezekana."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Uchovu wa miaka yote ile ulimshukia mabegani kwa pamoja, kiti kikayumba upande wa kushoto naye akakiacha kiyumbe. Dirishani nzi alikuwa akijigonga kwenye kioo, akipumzika kidogo, akijigonga tena.

"Haya, baba," alisema mwishowe. "Asante kwa muda wako."

Kijana alifika mlangoni, akashika kitasa, kisha akageuka. Ilionekana kuna jambo linamkera.

"Unisamehe, profesa. Ningependa, lakini ada analipa shangazi, na yeye anataka nisome uhasibu. Basi nafasi yangu umpe mwombaji mwingine."

"Mwingine yupi, mwanangu?" profesa aliuliza. "Uliomba wewe tu."