Doña

Herminia, karani wa hospitali, alikuwa bado anatafuna chipa, mkate wa jibini aliopewa na bibi mmoja mgonjwa, alipoliona kosa lake.

Programu ya ripoti husoma kwa kuhesabu herufi: ishirini za mwanzo ni jina, mbili zinazofuata ni miaka ya kungojea figo. Naye, kwa adabu zake, alikuwa ameandika "Doña", neno la heshima kwa mwanamke, mbele ya jina la bibi. Miaka kumi na miwili ikasukumwa kando, kompyuta ikasoma sifuri.

Figo ya jana alipewa mtu aliyengoja miaka mitatu tu.

Akalifuta neno. Miaka ikarudi mahali pake, imenyooka kama askari.

Bibi alikuwa akiichungulia skrini kupitia dirisha la ofisi.

"Ala, binti, unanivua udoña, na chipa yangu bado iko mdomoni mwako?"