Friza ya Ntinyari

Ntinyari alikuwa akiifunga keki ya jibini kwa nailoni wakati shemeji yake alipoingia jikoni bila hodi, akifuatwa na wanaume wawili wapagazi.

"Toa vitu vyako, shemeji. Hiyo friza ni ya ndugu yangu. Tunaipeleka kwangu."

Ndugu huyo, mumewe Ntinyari, alikuwa amezikwa wiki iliyopita.

Ntinyari aliendelea kufunga. Keki ilikuwa imeshashika baridi ikawa ngumu. Aliikaza nailoni ukingoni, akibonyeza kwa kidole gumba kila mahali palipobaki hewa, kisha akaizungushia foili. Ilikuwa ya harusi ya Jumamosi, agizo lake la kwanza kutoka mji wa Maua. Ikiharibika, nani angemwagiza tena?

"Hunisikii?"

"Nakusikia. Friza hii tuliinunua pamoja, kwa pesa za maziwa niliyokamua mimi."

"Mwanamke hanunui friza."

Ntinyari alifungua kifuniko cha friza, akailaza keki juu ya barafu, akafunga. Halafu akapanda akaketi juu ya friza, miguu ikining'inia. Baridi ilipenya sketi yake nyeusi.

"Haya, ibebeni," aliwaambia wale wapagazi. "Mnibebe na mimi, mtupitishe katikati ya soko la Mikinduri watu wote wakiona."

Walitazamana. Mmoja akatoka nje. Wa pili akamfuata.

Shemeji alishika pembe ya friza, akainua peke yake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haikusogea.

"Shuka, mama!"

"Ukitoka, urudishe mlango," alisema Ntinyari.