Macho ya Mbali

Sheria ilimruhusu kila mtu apigwe leza ya macho mara moja tu, aone karibu au aone mbali, na mwenye nyumba ndiye aliyechagua. Siku ya harusi Bi Kijakazi alimchagulia mkaza mwanawe, Saumu, macho ya karibu. "Ya kuchambulia mchele yanamtosha," alisema. Miaka tisa Saumu aliona kila chuya, na nje ya mlango akaona ukungu mtupu.

Sasa Bi Kijakazi ana mtoto wa jicho, mume wa Saumu amefariki, na nyumba ni ya Saumu. Daktari akamgeukia.

"Nichagulie ya karibu, mwanangu," bikizee alibembeleza. "Nikione ninachokula."

"Mpe ya mbali," Saumu akamwambia daktari. "Anione vizuri nikiondoka."