Kiti cha Mama wa Pili

Bi Sikudhani alikuwa mpambaji wa kumbi. Siku hiyo aliipamba meza kuu ya harusi ya Nasra, binti wa mumewe, aliyemlea tangu hajaota meno. Kando ya kiti cha bibi harusi aliweka kimoja cha mama mzazi, aliyekuwa njiani akija kutoka mbali.

Nasra akaingia, hina ingali mbichi viganjani.

"Mama, wewe utakaa wapi?"

"Mimi nipo kazini, mwanangu. Aliyekuzaa ndiye wa kukaa nawe."

"Kwani nina mama mmoja?"

Akakisukuma kiti kingine kwa goti mpaka kikagusana na kile cha mama mzazi. Bi Sikudhani akachutama kukifunga utepe. Vidole vilivyozoea kupamba harusi za mji mzima vikashindwa kupiga fundo.