Dizeli Haikukatazwa

Siku ya arobaini na moja ya eda, wanaume sita waliibeba mashine ya boti kwa miti ya mikoko, wakaipitisha uchochoroni kwa jasho na matusi ya chinichini, wakaitua uani kwa Mwanamkasi. Mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na nguo zake nyeupe za mjane.

"Polepole!" aliwapigia kelele. "Hiyo si gunia la mkaa!"

Shemeji yake, Abdulazizi, alikaa barazani akijipepea kwa kofia. Mdogo wake, Muzammil, mume wa Mwanamkasi, alikuwa amefariki bila kuacha mtoto, ameacha mke na boti kongwe ya mbao, iliyochongwa Pangani kabla wote hawajazaliwa. Mwenye hoteli mmoja aliitaka ya kutembezea watalii hadi Mbegani, kwa sharti moja tu: itembee kwa mashine yake ileile ya zamani. Hapo ndipo pagumu. Maji ya chumvi yalikuwa yameigandisha pistoni ndani ya silinda, na mafundi wawili walishaijaribu wakashindwa. Mji mzima alibaki mtu mmoja anayezijua tabia zake, naye ni huyo mjane. Miaka ishirini na miwili mumewe alishika usukani, yeye akashika spana.

"Shemeji, nisikufiche," Abdulazizi alisema kupitia pazia. "Ikiwaka, inauzwa. Wewe utapata fungu lako la mjane, na sisi letu. Usije ukajisahau. Mimi ndiye shahidi niliyetia sahihi ndoa yenu kabla pilau halijapoa. Nakumbuka uliingia nyumba hii na kisanduku na mkeka."

"Kumbukumbu unayo, shemeji. Mungu akuzidishie."

Jirani yake, Saida, alipokuja jioni na kumkuta amejipaka masizi hadi kwenye nyusi, alishika kichwa.

"Una wazimu wewe? Iache ife! Isipowaka hoteli haiitaki, na boti yenu inabaki."

"Inabaki ioze ufukweni, kaa waingie na kutoka? Sikubali, Saida. Haifi hii nami niko hai."

"Na eda je? Unanuka kama gereji!"

"Nimekatazwa manukato," Mwanamkasi alisema. "Dizeli haikukatazwa."

Akaendelea. Kila akimaliza sala ya alfajiri alimimina dizeli na mafuta ya taa juu ya pistoni, akaigonga kwa kipande cha mti, akasubiri. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Siku ya tisa pistoni ilisogea upana wa ukucha, naye akaketi chini kwenye mchanga wa ua akalia kwa sauti, maana mtu wa kumpa habari ile hakuwepo tena. Kisha akajifuta, akasaga valvu, akazibua nozeli kwa unywele wa waya, akakata gasketi mpya kwa mkasi wake wa cherehani. Mkasi ukafa. Mashine ikapona.

Akatuma ujumbe: "Mashine tayari, boti bado. Mbao tatu za ubavuni zimeoza. Ikitetemeka zitafunguka, na mnunuzi wenu atazama na watalii wake."

Abdulazizi alinung'unika, lakini nani anataka kuzamisha mnunuzi? Akaleta maseremala. Wakang'oa mbao mbovu, wakatia mpya, wakaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Mwanamkasi akasema rangi iwe ya kijani. Wakapaka ya kijani. Akasema mashine ikirudishwa botini ifungwe kwa nati mpya, si zile zilizoliwa na kutu. Wakanunua mpya. Alivyokuwa akiamrisha kutoka nyuma ya pazia, ungedhani ni mkubwa wa bandari.

Eda ikaisha. Alioga, akajitanda khanga mpya, akateremka pwani kifua mbele. Mwenye hoteli alikuwepo, na nusu ya mtaa, na Sheikh Abdala, ambaye Mwanamkasi mwenyewe alimwomba afike ili mirathi igawiwe palepale, mbele za watu.

Alipanda botini, akaingiza hendeli, akazungusha. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Mtu mmoja akacheka.

"Cheka tu, meno ni yako," alisema, akazungusha tena. Ikatema moshi. Mara ya tatu: tuku, tuku, tukutukutuku! Wanawake wakapiga vigelegele hadi kunguru wakaruka.

"Mungu awalipe mliobeba na mliogongelea misumari," Mwanamkasi alisema, macho yamemjaa machozi. "Peke yangu nisingeweza."

"Amina, amina." Abdulazizi alikuwa meno nje, amekwisha kumshika mkono mwenye hoteli. "Haya, shemeji, shuka sasa. Utuachie wenye mali tuzungumze."

Mwanamkasi hakushuka. Alifungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainama kumpa Sheikh Abdala.

"Kabla hujagawa, sheikh, nisomee hii. Na usome kwa sauti, mashine yangu ina kelele."

Sheikh alivaa miwani. "Cheti cha ndoa," alisoma. "Mahari ya mke: boti moja ya mbao pamoja na mashine yake. Amekabidhiwa."

Kidole chake kiliteremka hadi chini ya karatasi, kikasimama. Akamgeukia Abdulazizi.

"Na sahihi hii ya shahidi, bwana, si yako?"