Lango Lililopimwa kwa Mkokoteni

"Aliyejenga hapa hakuwa mzima kichwani," bibi mwenye mwavuli alisema, akavuta kiti chake karibu na mfanyabiashara wa saruji. "Ziangalie tu hizo ngazi."

Mnada ulifanyika humo humo ndani ya jengo lenyewe, maduka chini na vyumba juu. Dalali alikuwa ameshasimama nyuma ya meza na nyundo yake ya mbao. Nyuma yake ngazi zilipanda, zikafika katikati, zikajikunja kama mtu aliyesahau anakokwenda.

"Shikamoo, bibi. Zina nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mwenye jengo alipandisha kabati ghorofani kwa kamba, ndipo akakumbuka ngazi. Watu wamezaliwa, wameoa, wamezeeka, kabati halijashuka."

Mwenye saruji akacheka. "Wewe ni mpangaji hapa?"

"Mimi? Mimi nimekaa hapa mpaka panya wananiamkia."

Dalali akaita dau la kwanza. Mkono uliinuka mstari wa mbele, kwa mafundi cherehani watatu, wanawake waliopanga duka la pembeni. Walikuwa wamechangishana mpaka wakauza na cherehani moja. Mwenye saruji alishatangaza mtaa mzima kwamba akilipata jengo ataligeuza bohari, na wapangaji watafute pa kwenda.

Naye akainua mkono. Mafundi wakapandisha. Akapandisha tena, bila hata kuwatazama.

"Paa linavuja?" akauliza.

"Halivuji kabisa, kama mvua haijanyesha."

"Bibi, mbona unaliponda hivyo?"

"Siongezi chumvi, mwanangu. Kapande ukaone."

Fundi mkubwa aligeuka nyuma mara moja. Alipoona mwenye saruji amekaa na nani, akarudisha uso mbele haraka, akajishughulisha na kifungo cha blauzi yake.

"Lakini kwa nini wameleta mnada?" mwenye saruji aliuliza. "Si wangetafuta mteja wakamalizana?"

"Mama mwenye jengo alitaka wamalizane hivyo hivyo. Alitaka awauzie hao mafundi kwa bei ya kuelewana. Wanawe wakakataa. Walisema mama amezeeka, akiachiwa atagawa mpaka mabati. Mnada wa hadhara, kila mtu asikie."

"Wana akili hao watoto."

"Sana. Sijui wamerithi kwa nani. Yule pale mlangoni, mwenye tai, ndiye mkubwa wao."

"Mbona anatukazia macho?"

"Ndivyo alivyo tangu ananyonya."

Dau likapanda tena. Safari hii mafundi waliinamiana, wakanong'ona, mmoja akatikisa kichwa, mwingine akamfinya paja. Fundi mkubwa akainua mkono polepole, kama anayeutoa kwenye matope. Hata mgeni angeona kwamba nyuma ya mkono ule hakukuwa na kitu tena.

Mwenye saruji alianza kuinua wake.

"Kitendawili," bibi akasema.

"Sasa hivi, bibi?"

"Kitendawili."

Adabu ikamshinda nguvu, mkono ukashuka. "Haya, tega."

"Mgeni anakaribishwa ndani, mzigo wake unalala nje."

"Mara ya kwanza," dalali akasema.

Mwenye saruji akajikuna shingo. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Sina mji, bibi. Subiri nilipate hili jengo, nikupe hilo."

"Basi umeligusa jibu, limo humu humu jengoni. Ni lango la uani. Huyo mama alipokuwa anajenga alikuwa muuza mkaa. Siku ya kupima lango akasukuma mkokoteni wake kati ya nguzo, ukapita. Akamwambia fundi mwashi, 'Jenga hapa hapa, pametosha.' Alidhani ulimwengu mzima utamjia na mikokoteni."

"Na malori?"

"Yanasimama barabarani yanapiga honi."

"Si nitabomoa."

"Bomoa. Ila nguzo hizo ndizo zimebeba ghorofa. Siku utakayozitoa ndiyo siku kabati litashuka."

Mwenye saruji akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye lango hilo la nyuma. Alisimama kati ya zile nguzo mbili, akanyoosha mikono. Viganja vikagusa huku na huku kabla hajamaliza kuinyoosha. Akatazama juu, ghorofa ilivyokalia zile nguzo, akashusha mikono taratibu.

"Mara ya pili," dalali akasema, akamtazama yeye.

Alirudi kwenye kiti chake, mikono mfukoni.

"Huyo mama alikuwa mjinga hasa," akasema.

"Mumewe alimwambia maneno hayo hayo. Akanuniwa hadi chakula akajipakulia mwenyewe."

Mwenye tai mlangoni akakohoa kwa nguvu. Bibi hakugeuka.

Nyundo ikagonga.

Mafundi hawakupiga kelele. Mmoja alikaa sakafuni palepale, miguu imenyooka, na wenzake wakamwangukia, wakawa fungu moja la vitambaa linalolia na kucheka.

"Kwa mafundi wa pembeni," dalali akatangaza, akafuta jasho. "Mwenye jengo asogee mezani, atie sahihi."

Bibi akainuka, akajinyoosha mgongo, akamwekea mwenye saruji mwavuli mikononi.

"Nishikie, mwanangu," akasema. "Nikautie sahihi ujinga wangu."